Gitaa la umeme limeshika kutu? Namna ya kuliokoa ukiwa Mwanza

Masika yakikatika, mwishoni mwa Mei hivi, magitaa mengi ya Mwanza hutolewa kwenye mabegi na wenyewe hubaki wameshika viuno. Gitaa lilisimamishwa nyuma ya kabati tangu Machi. Sasa nyuzi nyembamba zina rangi ya tofali la kuchoma, vichwa vya skrubu za daraja (kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi) vimeota madoa, na ukipitisha kidole juu ya uzi ni kama unapapasa msasa. Wa kwanza kulaumiwa huwa ziwa. "Hewa ya ziwa hiyo, utafanyaje," utaambiwa, na maongezi yanaishia hapo.

Mimi ziwa nalitetea kidogo. Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya kurushwa na upepo kama ya pwani. Mpiga gitaa wa Tanga au Unguja ana haki ya kulalamika kwamba upepo unamletea chumvi mpaka sebuleni. Wa Kirumba au Nyegezi hana haki hiyo. Sisi ziwa linatuletea unyevu na mvua za usiku, na kwa kuwa mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku hupoa kiasi cha umande kukaa juu ya chuma. Chumvi tunaileta wenyewe. Imo kwenye jasho la vidole, kwenye kiganja kinachoegemea daraja, kwenye mkono uliotoka kula sato wa kukaanga na kachumbari ukanawa kwa haraka. Chuma, maji na hewa vinatosha kufanya kutu. Ukiongeza chumvi kutu inakwenda mbio.

Hili nalitanguliza kwa sababu ndilo litakaloamua kama kazi ya leo utairudia baada ya miezi miwili. Tenga jioni moja, pamoja na usiku wa kungoja skrubu zilowe mafuta. Maelezo haya yanafaa gitaa la solo, la rithimu na la besi.

Vifaa

Vingi unavyo nyumbani: fulana mbili kuukuu za pamba, mswaki uliochoka, vijiti vya pamba vya masikioni, penseli, siki nyeupe, baking soda, karatasi ya foili ya jikoni. Nunua mafuta ya cherehani, kile kichupa kidogo. Kwa gitaa sijaona cha kukishinda kwa bei yake. Nunua pia tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi magari. Tafuta bisibisi ya nyota inayoingia sawasawa kwenye vichwa vya skrubu zako, na funguo ndogo za pembe sita zenye umbo la L. Magitaa mengi yaliyotengenezwa Asia hutumia ya milimita 1.5 kwenye daraja. Kwa wamachinga na kwenye maduka ya spea za pikipiki utapata karibu vyote hivi, ila funguo za bei ya kutupa zina chuma laini. Pembe zake hujiviringa na kukuachia tatizo kubwa kuliko kutu uliyokuja nayo.

Nyuzi mpya ziwe zimeshanunuliwa kabla hujagusa za zamani. Gitaa lisilo na nyuzi lina tabia ya kukaa hivyo hadi Krismasi.

Hatua ya 1: Soma rangi

Chomoa waya wa ampu, laza gitaa mezani juu ya taulo, washa tochi ya simu na uliangalie kwa upande ili mwanga ukwaruze juu ya chuma. Rangi itakuambia ni chuma gani kinaumwa.

Nyekundu au kahawia ni kutu yenyewe, na inatoka kwenye chuma tu: nyuzi, skrubu, springi, viti vya nyuzi vya chuma kilichokunjwa, na sumaku za pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. (Viti ni vile vipande sita vidogo vya daraja vinavyobeba nyuzi, kila uzi na chake.) Kijani ni shaba inayoliwa na jasho, utaiona kwenye kingo za freti (vile vyuma vinavyokatisha shingo) au kwenye sehemu za shaba za daraja. Unga mweupe au wa kijivu ni zinki. Madaraja mengi ya bei ya chini na ya kati yamesubuliwa kwa mchanganyiko wa zinki kisha yakapakwa kromu au nikeli, na haya hayapati kutu nyekundu hata siku moja. Doa jekundu likiwa juu ya daraja la aina hiyo, limetoka kwenye skrubu ya jirani.

Tofauti hii si ya kitaaluma. Siki inayosafisha skrubu ya chuma vizuri kabisa inakula zinki. Niliwahi kulowesha daraja zima kwenye bakuli la siki usiku kucha, nikalala nikijisifu. Asubuhi kromu ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kulikuwa na kitu cha kijivu chenye vishimo. Daraja lile nililitupa.

Hatua ya 2: Nyuzi zitoe

Uzi ulioshika kutu hauponi. Nyuzi nyembamba ni chuma kigumu chenye ngozi jembamba sana ya bati; nyuzi nene zina kiini cha chuma hichohicho, kikaviringishiwa waya wa chuma uliopakwa nikeli. Ngozi ikishatoboka, kutu inachimba vishimo. Uzi wenye vishimo unene wake haulingani tena kote, kwa hiyo ukikaza vizuri ukiwa wazi, ukibonyeza freti ya 12 sauti inakwenda pembeni. Utakaza jioni nzima bila kujua mchawi ni nani. Tena uzi wa namna hiyo unakata ghafla, na kabla ya kukata unakuwa umeshasugua freti kama tupa, hasa kama unapenda kuvuta nyuzi.

Legeza kila uzi mpaka uwe teketeke ndipo uukate. Uzi ukikatwa ukiwa umekazwa unaruka na ncha yake ni sindano. Miwani yoyote, hata ya jua, ni afadhali kuliko macho matupu. Vipande vyote viingie kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko. Visiachwe sakafuni kwenye nyumba yenye watoto wanaotambaa.

Sasa angalia una daraja la aina gani. Kama ni lile linalosimama juu ya nguzo mbili bila skrubu za kulishika, nyuzi zikitoka linadondoka na kuchuna rangi, basi lishike. Kama ni lile lenye mkono wa kutikisia na linaelea kwa springi, kunja kitambaa kigumu ulibane lisizame kabla nyuzi hazijaisha kutoka, hasa yale ya Floyd Rose, maana kulirudisha kwenye usawa wake ni kazi ya kuombea.

Kama onyesho ni leo usiku na nyuzi mpya hazipo, mambo ni mengine. Ingiza kadi ngumu chini ya nyuzi ikinge ubao wa shingo. Tia matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye kipande cha fulana, ubane uzi mmoja kwa vidole viwili ndani ya kitambaa, uusugue kwa kupanda na kushuka mara kumi, halafu unaofuata. Kitambaa kitatoka chekundu. Futa mara ya pili kwa upande mkavu, usije ukateleza jukwaani. Umepata usiku mmoja, pengine miwili, hujapata uzi mpya.

Wapiga besi watanirushia mawe hapo, kwa sababu seti ya besi ni ghali mara kadhaa kuliko ya gitaa la kawaida, na kila bendi ina mtu anayechemsha nyuzi kwenye sufuria. Kuchemsha kunafanya kazi, lakini kwa tatizo jingine. Dakika kumi za maji yanayochemka hutoa mafuta, ngozi na uchafu uliojibana kwenye mizunguko ya waya, na sauti inarudi kung'aa kwa siku kadhaa. Kutu haiondoki, tena uzi usipokaushwa papo hapo unaiongeza. Kuziloweka kwenye spiriti usiku mmoja ndani ya chombo kilichofungwa ni bora zaidi kwa sababu spiriti hukauka bila kuacha maji. Weka mbali na moto, na isidondoke kwenye rangi ya gitaa. Nyuzi zenye wekundu usizichemshe wala usiziloweke.

Hatua ya 3: Funika pikapu kabla ya kusugua chochote

Pikapu ni sumaku. Kila chembe ya chuma au kutu utakayoing'oa itakwenda kujibandika juu yake. Bandika tepu ya karatasi juu ya pikapu zote, tabaka mbili, pamoja na pembeni pale zinapoingia mwilini.

Mara yangu ya kwanza nilichukua stiliwaya ya kuoshea masufuria nikasugua freti bila kufunika kitu. Nilipomaliza pikapu zilikuwa zimeota ndevu. Nilizitoa moja moja kwa kunatisha na kubandua vipande vya tepu, na wiki kadhaa baadaye bado nilikuwa naziona zimejificha kwenye kona. Stiliwaya ya jikoni ni ngumu mno, inachora mistari isiyofutika. Iliyo laini ya mafundi fanicha, namba 0000, inafaa kwa freti ukishafunika, lakini kwa kazi nyingi za hapa chini huihitaji kabisa. Msasa uache dukani.

Hatua ya 4: Daraja na skrubu zake

Hapa ndipo kiganja cha kulia kinapolala muda wote wa wimbo, na ndipo kutu huanzia. Kabla ya kugeuza skrubu yoyote, piga picha tatu: kutoka juu, kutoka upande wa uzi mnene na kutoka upande wa uzi mwembamba. Pima kwa rula kila kiti kiko umbali gani kutoka nyuma ya daraja, uandike kwenye karatasi. Vile viti vimepangwa mbele na nyuma ili gitaa liimbe sawa shingo nzima. Ukivichanganya, gitaa litakuwa safi na halitakuwa na sauti inayokubaliana na kinanda cha kanisa.

Kutu ikiwa ya juujuu, usifungue kitu. Dondosha tone moja la mafuta kwenye kila skrubu kwa ncha ya kijiti cha meno, subiri robo saa, sugua kwa mswaki, futa. Rudia. Nusu ya magitaa niliyowahi kuyasafisha yaliishia hapo.

Kutu ikiwa nene, fungua viti kimoja kimoja, na kila kimoja na skrubu zake kikae kwenye shimo lake la trei ya mayai, ukianzia uzi wa kwanza hadi wa sita. Skrubu na springi za chuma tu ndizo ziingie kwenye siki. Saa moja hadi tatu, ukichungulia kila baada ya muda, inatosha. Zitoe, zipigwe mswaki, halafu zichovye kwenye maji yenye kijiko cha baking soda ili kuua ukali wa siki uliobaki. Ukiruka hatua hii kutu inarudi kabla hujamaliza kunywa chai. Suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa, zianike juani dakika kumi, kisha zipakwe mafuta zikiwa bado na joto. Magadi ya kulainishia maharage usiyatumie badala ya baking soda, maana mara nyingi yana chumvi ndani yake, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Usithubutu kuchanganya siki na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Moshi wake ni sumu, na dawa yenyewe inaleta kutu. Soda ya kola nayo inatajwa sana. Ina asidi, ndiyo, lakini ina sukari nyingi zaidi, na sisimizi wa Mwanza hawahitaji mwaliko.

Skrubu iliyotoka kwenye siki imepoteza ngozi yake ya kukinga. Itafanya kazi, ila isikae bila mafuta. Kama seti mpya ya skrubu inapatikana, nunua uachane na mateso. Ni kitu kidogo.

Skrubu iliyogoma

Usiilazimishe. Kichwa kikiviringika au mwili ukikatikia ndani, utakuwa umetoka kwenye usafi umeingia kwenye upasuaji. Tia mafuta membamba ya kupenya, WD-40 au dawa nyingine ya kulegezea nati, kwa ncha ya kijiti na si kwa kupuliza, kisha iache usiku kucha. Asubuhi safisha tundu la kichwa kwa sindano ili ufunguo uzame hadi chini. Kaza kidogo kwanza, robo ya robo ya mzunguko, halafu ndipo ulegeze. Kule kukaza kunavunja gundi ya kutu. Isipokubali, mguse fundi redio akuwekee ncha ya pasi yake ya kulehemu juu ya kichwa cha skrubu nusu dakika. Chuma kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, na kutu inapasuka katikati. Fanya hivyo ukiwa umekitoa kiti kwenye gitaa kama inawezekana, na ukiwa umefuta mafuta yote yanayoweza kuwaka.

Kwa skrubu za mbao, kama zile za kushikilia plastiki ya mbele au mkanda, mafuta usimimine. Mbao inayanywa na skrubu inakosa pa kushika. Hizo bisibisi nzuri na subira vinatosha, na wakati wa kurudisha zipitishe kwenye mshumaa.

Hatua ya 5: Kromu yenye vidoa

Kromu yenyewe haipati kutu, ila ina vitundu visivyoonekana ambavyo maji hupitia hadi kwenye chuma cha chini. Vile vidoa vya kahawia kwenye kifuniko cha vikazio au sahani ya jeki (tundu la kuchomekea waya wa ampu) vimetokea hapo. Kata foili ukubwa wa kiganja, ichovye majini, sugua taratibu kwa kuzungusha. Ni ujanja uleule wa rimu ya baiskeli. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haikwaruzi, na doa linageuka tope jeusi linalofutika. Futa, kausha, pitisha kitambaa chenye harufu tu ya mafuta. Usiifanye kazi hii gitaa likiwa limelala na maji yakichuruzika kuelekea kwenye pikapu; fungua kipande chenyewe pembeni.

Vyuma vya rangi ya dhahabu visiguswe kwa foili wala kwa dawa ya kung'arishia. Ile dhahabu ni jembamba mno, utaifuta yote na kubaki na nikeli. Fulana kavu, basi.

Hatua ya 6: Sumaku za pikapu

Kwenye pikapu zenye vichwa sita vya chuma vinavyoonekana, mara nyingi vile vichwa ndiyo sumaku zenyewe, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, na hushika kutu. Kwenye pikapu za mtindo wa Fender waya umezungushwa moja kwa moja kuzigusa. Waya huo una unene wa kama milimita 0.06, chini ya unywele wa wengi wetu. Ukisukuma sumaku moja chini ili uisafishe vizuri, waya unakatika na pikapu imekufa. Ukipuliza dawa, inaingia ndani na kutu inafuata.

Kwa hiyo: kijiti cha pamba, tone dogo la mafuta lililofyonzwa na pamba mpaka kijiti kionekane kikavu, sugua kichwa cha sumaku kwa juu tu, badilisha kijiti kila kinapochafuka. Wekundu ukibaki kidogo, uache ubaki. Kuzuia usiendelee ndiyo kazi yako hapa, uzuri ni ziada.

Hatua ya 7: Pale usipopaona

Fungua kifuniko cha nyuma. Springi zikiwa na vumbi jekundu si neno, futa na upake mafuta. Kinachofaa kutazamwa ni waya mwembamba uliolehemewa kwenye bamba linaloshika springi zile. Huo ndio unaounganisha nyuzi na ardhi ya umeme wa gitaa. Dalili yake ni hii: gitaa linaunguruma na ukishika nyuzi muungurumo haupungui. Kama lehemu imeachia au imezungukwa na kutu, bamba likwanguliwe sehemu ndogo hadi ling'ae na waya ulehemewe upya. Ni dakika tano kwa fundi redio yeyote.

Jeki inayokatakata sauti huwa imefifia sehemu za kugusana. Funga kitambaa chembamba kwenye kijiti, tia spiriti, zungusha ndani. Volyumu zinazokwaruza huhitaji dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, ile wanayotumia mafundi redio. Puliza kidogo kwenye kitundu chake kisha zungusha mara ishirini. WD-40 ya kawaida usiipulize humo.

Freti ni kazi nyepesi. Nyingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Jina lake la Kiingereza linataja fedha lakini fedha haimo. Funika mbao kwa tepu, sugua kila freti kwa Brasso kidogo au stiliwaya ya 0000 mpaka kijani kiishe. Ubao wa shingo ukiwa mweusi au wa kahawia na umekauka, upake mafuta mepesi ya watoto, matone machache, ufute yote baada ya dakika tano. Ya alizeti hapana, yanaoza na kunuka.

Hatua ya 8: Nyuzi mpya

Rudisha kila kiti mahali pake kwa kufuata picha zako. Chora penseli kwenye mifereji ya kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho juu ya shingo. Risasi ya penseli ni kilainishi kikavu, uzi utateleza bila kunasa. Nawa mikono kwa sabuni. Zungusha mara mbili au tatu kwenye kila kikazio, si zaidi, mizunguko mingi ni mahali pa unyevu kujificha. Vuta kila uzi polepole kwa kuunyanyua, kaza tena, rudia hadi uache kushuka.

Kuna nyuzi zilizovalishwa utando mwembamba wa plastiki, Elixir ndiyo maarufu. Ni ghali, na kama mikono yako ni ya jasho jingi zinajilipa. Kama si hivyo nunua za kawaida zilizofungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa. Pakiti ya karatasi iliyokaa dukani misimu miwili ya mvua inaweza kuwa na kutu kabla hujaifungua. Mwombe mwenye duka uichungulie, na akikataa una jibu lako.

Baada ya hapo

Kila unapomaliza kupiga, futa nyuzi kwa juu na kwa chini, na daraja pale kiganja kilipolala. Nusu dakika. Chini ndipo watu wanapasahau, na ndipo matone ya jasho hukusanyika. Kitambaa kiwe kikavu na kikae ndani ya begi lakini si juu ya nyuzi, maana chenyewe kimeshajaa chumvi. Kifue kila wiki.

Begi lililoloa lisifungwe na gitaa ndani. Ukinyeshewa ukitoka Igoma, au ukivuka kwenda Nansio mawimbi yakakurushia maji, ukifika tu fungua begi, toa gitaa, anika vyote viwili kivyake kivulini. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kuingia joto la nje, liache ndani ya begi robo saa kabla ya kulifungua, la sivyo chuma kitatoa jasho kama chupa ya bia.

Magitaa ya kwaya yana shida yake. Hufungiwa kanisani kutoka Jumapili hadi Alhamisi, na usiku bati lisilo na dari hutona umande. Nimeona gitaa zuri lililoegemezwa ukutani, na mstari wa kutu umenyooka kuanzia pale tone linapoangukia. Lihamishwe ofisini kwa mchungaji, au lifunikwe kwa kitenge, si nailoni.

Vile vipakiti vyenye chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vinasaidia ndani ya boksi gumu linalofungika vizuri; kwenye begi la kitambaa hewa inaingia tu, vitashiba siku mbili. Mchele uliofungwa kwenye soksi, kama wengine wanavyoshauri, unaleta vumbi la wanga na fukusi. Upikwe.

Tarehe ya kufunga nyuzi iandike kwenye kipande cha tepu nyuma ya kichwa cha gitaa. Za kwangu, kwa mikono yangu ya jasho, hufika wiki ya tano. Mpiga besi ninayepiga naye hajabadilisha zake tangu mwaka juzi, anazichemsha, na tepu niliyombandikia ameibandua.